Mkuu Aliyekuja kwa Barua: Walimu Wakuu wa Shule za Kati katika Nyanda za Juu za Ufipa

Katika vitabu vya kumbukumbu za sharika nafasi ya kwanza hupewa wachungaji na wainjilisti, na hiyo ni haki yao. Lakini pale ambapo kanisa na shule vilisimama katika kiwanja kimoja, kengele iliyowaita waumini ibadani ndiyo iliyowaita watoto darasani, na aliyeigonga mara nyingi alikuwa mwalimu. Miongoni mwa walimu wa zamani yupo mmoja ambaye historia imempita upesi mno. Huyo ni mwalimu mkuu wa shule ya kati, yaani shule ya darasa la tano hadi la nane. Aina hiyo ya shule ilidumu nchini kwa miaka isiyofika ishirini, kisha ikatoweka, ikiacha majengo yake na wazee ambao bado hujieleza kwa fahari kwamba wao walifika darasa la nane la zamani.

Inafaa kumtazama mtu huyo kutoka Ufipa. Sababu si kwamba Ufipa ilikuwa na shule nyingi kuliko mahali pengine. Kinyume chake, umbali wake na ubovu wa barabara uliifanya ibaki nyuma ya Kilimanjaro, Bukoba na Unyakyusa. Sababu ni kwamba watu wa huko walikuwa na fikra zao juu ya maana ya kuwa mkuu, na fikra hizo hazikufanana na zile zilizomleta mwalimu mkuu kwao.

Mkuu wa kijiji na mkuu wa shule

Nyanda za juu za Ufipa zimeinuka kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya miezi ya Juni na Julai humshangaza mgeni aliyetoka pwani. Kabla ya utawala wa Wajerumani palikuwa na dola mbili za Wafipa, Nkansi na Lyangalile, zilizotawaliwa na matawi ya ukoo mmoja wa kifalme. Chini ya watawala hao vilikuwapo vijiji vikubwa vyenye nyumba zilizokaribiana, na kila kijiji kilikuwa na mkuu wake.

Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alieleza kwamba mkuu huyo wa kijiji hakuwekwa kwa nguvu ya mtawala peke yake. Wanakijiji walikuwa na sauti katika kumchagua, na walikuwa na uwezo wa kumwondoa iwapo hawakuridhika naye. Mkuu wa namna hiyo huishi kwa maneno yake. Hana askari, hana gereza; ana baraza tu, na subira ya kusikiliza shauri hadi kila mtu amesema lake.

Mwalimu mkuu alikuja kwa njia nyingine kabisa. Alipata barua yenye mhuri, akafunga mizigo, akapanda lori pamoja na mke na watoto, akashuka katika kijiji ambacho hakuna aliyemwomba aje. Mara nyingi hakuwa mtu wa kabila lile. Alikuta nyumba ya mwalimu, ofisi yenye kabati moja, leja ya stoo na kitabu cha kumbukumbu za shule kilichoandikwa na aliyemtangulia. Kwa mujibu wa barua alikuwa mkuu tangu siku ile. Kwa mujibu wa wazee waliomtazama akishusha masanduku yake, bado alikuwa mgeni. Kazi yake yote, ukiacha ile ya kufundisha, ilikuwa ni kuvuka umbali uliokuwapo kati ya mambo hayo mawili.

Kwamba umbali huo ulivukika, mfano ulikuwapo jirani, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 Mapadre Weupe wa Kanisa Katoliki walipokea kituo cha Karema, ambacho Wabelgiji walikijenga mwaka 1879. Miaka minne baadaye aliwasili hapo Adrian Atiman, mzaliwa wa Afrika ya Magharibi katika nchi ambayo leo inaitwa Mali. Alikuwa ametekwa na kuuzwa utumwani utotoni, akakombolewa na wamisionari, akasomea uganga kule Malta. Alikuja Karema kama katekista na mganga. Hakuchaguliwa na yeyote, na lugha ya watu hakuijua. Akaoa huko huko, akatibu na kufundisha kwa miaka 67, hadi alipofariki mwaka 1956. Hakuwa mkuu wa shule, lakini maisha yake yalikuwa jibu kwa swali ambalo kila mwalimu aliyehamishiwa pande zile alilazimika kulijibu.

Shule zilivyopanda milimani

Kutoka ufukweni shule zilipanda hadi nyanda za juu pamoja na makatekista. Shule za mwanzo zilikuwa vibanda vya kufundishia sala, kusoma na kuandika kidogo. Baadaye yalikuja mabweni, na hapa pana jambo la kuvutia. Mwanahistoria Kathleen Smythe, aliyeandika juu ya familia za Nkansi na uinjilisti wa Kikatoliki, ameonyesha kwamba Wafipa hawakuliona bweni kuwa kitu kigeni kama ilivyokuwa kwingine. Tangu zamani watoto wao wakifikia umri wa kujitegemea kidogo waliacha kulala katika nyumba ya wazazi, wakalala pamoja na wenzao wa rika lao katika nyumba za vijana. Mzazi wa Kifipa aliyempeleka mwanawe bwenini alikuwa anafanya jambo alilolijua, ila sasa nyumba ya vijana ilikuwa mbali zaidi na ilisimamiwa na mtu asiye jirani.

Walutheri hawakuwa wa kwanza kufika Ufipa. Njia yao katika kusini ya nchi ilianzia mwaka 1891, wakati wamisionari wa Berlin na wenzao wa Moravian walipoingia Unyakyusa, kisha wale wa Berlin wakaendelea hadi Ukinga na Ubena. Kaskazini, wamisionari wa Leipzig walianzisha kazi ya kuwaandaa walimu ambayo ilipata makao yake Marangu. Makanisa saba ya Kilutheri yaliungana tarehe 19 Juni 1963 na kuwa kanisa moja, na leo Sumbawanga ni makao ya Dayosisi ya Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo historia ya shule za Ufipa kabla ya uhuru ni, kwa sehemu kubwa, historia ya ndugu Wakatoliki na ya serikali. Hata hivyo cheo cha mwalimu mkuu wa shule ya kati kilikuwa kimoja nchini kote. Awe wa Misheni ya Kilutheri, ya Kikatoliki, au wa serikali ya wenyeji, alifuata mihtasari ile ile, alikaguliwa na wakaguzi wale wale, na alipata fedha kwa utaratibu ule ule wa ruzuku uliotokana na mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925.

Kichujio cha darasa la nne

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Tanganyika ilitoa mpango wa miaka kumi wa elimu ya Waafrika, kuanzia 1947 hadi 1956. Mpango huo, pamoja na marekebisho yaliyofuata, uliigawa elimu katika ngazi tatu za miaka minne minne: shule ya msingi, shule ya kati, na sekondari. Shule za kati zilianza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Mgawanyo huo ulionekana nadhifu kwenye karatasi, lakini kwa mtoto ulikuwa na maumivu. Wengi wa walioanza darasa la kwanza waliishia la nne, kwa kuwa nafasi za darasa la tano zilikuwa chache mno. Mtoto alikuwa na umri wa miaka kumi au kumi na miwili alipoambiwa kwamba masomo yake yamekwisha. Waliopita walifika shule ya kati, wakakaa miaka minne, wakajifunza Kiingereza ambacho katika madarasa ya juu kiligeuka kuwa lugha ya kufundishia, kisha wakakutana na mtihani wa darasa la nane. Hapo tena wachache walikwenda sekondari; wengine walikwenda vyuo vya ualimu, uganga na ukarani, na wengine walirudi kijijini.

Mwalimu mkuu alisimama katikati ya vichujio hivyo viwili. Wazazi wa watoto walioachwa darasa la nne walimwona kuwa ndiye aliyefunga mlango, ingawa idadi ya nafasi haikuwa yake. Wazazi wa watoto waliochaguliwa walimtaka ahakikishe kwamba karo waliyoitafuta kwa kuuza ulezi na maharage haikupotea. Wasichana walikuwa wachache kupita kiasi, na mwalimu mkuu aliyetaka kuwaongeza ilimbidi atembee nyumba kwa nyumba, kwa maana hapakuwa na barua ya serikali iliyoweza kumfanyia kazi hiyo.

Shughuli zake za kila siku zilikuwa nyingi kuliko mshahara wake. Alifundisha vipindi kamili kama walimu wenzake. Alisimamia mstari wa asubuhi, sala, ukaguzi wa kucha na mashati. Alipokea na kupima mahindi na maharage ya bweni, alihesabu mablanketi, aligawa madaftari, aliwateua viranja na kuamua ugomvi wao. Aliandika taarifa kwa mkaguzi, kwa Misheni, na kwa baraza la wenyeji. Kiboko kilikuwa mikononi mwake, nacho kilitumika sana. Hakuna heshima yoyote kwa wakuu wale inayoweza kuficha jambo hilo. Serikali huru ilichelewa kukiwekea mipaka iliyo wazi. Kanuni za mwaka 1979, zilizotolewa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zilimtaka mwalimu mkuu mwenyewe, au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, ndiye achape na kuandika adhabu hiyo katika kitabu, na mwaka 2002 idadi ya viboko ikawekwa isizidi vinne.

Shamba la shule

Lakini mahali ambapo ukuu wake ulipimwa hasa hapakuwa ofisini wala mstarini. Palikuwa shambani.

Waliobuni shule ya kati walitaka iwe na mwelekeo wa kilimo. Hoja yao haikuwa ya kipumbavu. Kwa vile wanafunzi wengi wangerudi vijijini, waliona kuwa shule iwafundishe kulima vizuri zaidi kuliko baba zao, kufuga, kutunza udongo na kuweka hesabu za mavuno. Kila shule ilipaswa kuwa na shamba na mifugo, na mwalimu mkuu akawa msimamizi wa yote hayo, hata kama yeye mwenyewe alisomea hesabu na jiografia.

Wazazi waliona vingine. Mfipa wa miaka ya 1950 aliijua dunia vizuri kuliko maofisa walivyodhani. Wanaume wa Ufipa walikuwa wamekwenda kwa miaka mingi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Waliona kwamba mtu mwenye kalamu hukaa kivulini na mtu mwenye jembe hukaa juani, na kwamba Mzungu aliyesifu jembe hakumpeleka mwanawe kulishika. Kwa hiyo shule iliyomrudisha mtoto shambani waliishuku. Malipo waliyotoa yalikuwa ya kumwondoa huko.

Upande wa Ufipa kulikuwa na jambo la pili, ambalo wachache walilitambua. Wafipa walikuwa tayari na kilimo chao cha ustadi. Kuelekea mwisho wa mvua, wakati udongo ungali laini na nyasi zimekua, walikata tabaka la juu la ardhi pamoja na nyasi zake na kulipindua ndani, wakijenga matuta makubwa ya duara. Nyasi zile zilioza ndani ya tuta na kuwa mbolea. Juu ya matuta walipanda maharage au mazao mengine. Mvua za msimu uliofuata zilipofika waliyabomoa matuta, wakausambaza udongo ule uliorutubika, wakapanda ulezi. Kwa njia hiyo walilima katika nchi isiyo na miti mingi ya kuchoma kwa ajili ya majivu, kama walivyofanya majirani zao wa misituni, na walikaa katika vijiji vikubwa visivyohamahama ovyo. Mwaka 1950 M. Lunan alichapisha makala mafupi katika jarida la kitaalamu la kilimo la Kiingereza akieleza ukulima huo wa matuta.

Basi fikiri hali ya mwalimu mkuu mgeni, aliyefika na mwongozo wa kilimo kutoka Dar es Salaam, akiwaamuru wavulana wa miaka kumi na minne kulima kwa mistari mbele ya macho ya babu zao waliokuwa wakipita njiani na majembe mabegani. Shamba likifanya vibaya, kijiji kizima kilicheka kimyakimya. Likifanya vizuri, kijiji kilisema kwamba lililimwa na vijana sitini bila ujira. Kwa vyovyote, mwalimu mkuu hakushinda kwa kuamuru. Njia pekee iliyokuwa wazi kwake ilikuwa ni kuwaita wazee wale wafundishe, na njia hiyo haikuandikwa katika mwongozo wowote.

Jembe la amri lilikuwa pia jambo la hatari kisiasa katika miaka ile. Mwaka 1955, kule Uluguru, wananchi walipinga kulazimishwa kutengeneza makinga-maji milimani, ghasia zikatokea na mtu akauawa. TANU, iliyokuwa imeundwa tarehe 7 Julai 1954, ilijifunza kutokana na manung'uniko ya namna hiyo nchini kote. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 mkazo wa kilimo katika shule za kati ulikuwa umelegezwa, na shule zikaelekea zaidi kwenye masomo ya mtihani. Walimu wakuu wengi bila shaka walishusha pumzi. Hata hivyo swali lililosababisha ugumu ule lilibaki pale pale: nani aliulizwa kabla ya mtoto kupewa jembe?

Malangali na Litowa

Swali hilo lina historia yake katika kusini ya nchi, na wakuu wawili wa shule walilijibu kwa namna zinazopingana. Wote wawili hawakufanya kazi Ufipa, wala shule zao hazikuwa za kati kwa maana kamili, lakini bila wao ni vigumu kueleza kile ambacho mwalimu mkuu wa Ufipa angeweza kufanya na hakufanya.

Wa kwanza ni Mwingereza W. Bryant Mumford, aliyeongoza shule ya serikali ya Malangali, Iringa, iliyofunguliwa mwaka 1928. Mumford aliona kwamba shule za kizungu ziliwang'oa watoto kutoka katika mila zao. Kwa hiyo aliwaalika wazee wa makabila waishi karibu na shule na kuwafundisha wavulana desturi na historia yao; ngoma na kutupa mkuki vikawa sehemu ya ratiba. Alieleza jaribio lake katika jarida la Africa mwaka 1930, na likasifiwa ng'ambo. Baada ya yeye kuondoka halikudumu.

Ni rahisi leo kumcheka, na si haki. Mumford alikuwa wa kwanza kukubali hadharani kwamba mzee asiyejua kusoma ana la kufundisha ndani ya uzio wa shule. Kosa la jaribio lilikuwa kwingine. Ni yeye aliyeamua mila ipi ifundishwe na ipi iachwe. Ni yeye aliyejua, kabla ya kuuliza, kwamba mvulana wa Kihehe au Kibena anahitaji mkuki kuliko Kiingereza. Wazee waliitwa wawe walimu, lakini hawakuitwa wawe wenye shule. Na vijana wenyewe walitaka kile ambacho wazazi wa Ufipa walikitaka miaka ishirini baadaye.

Wa pili ni Suleman Toroka, mwalimu mkuu wa shule ya Litowa, wilaya ya Songea, katika miaka ya 1960. Litowa kilikuwa kijiji cha kwanza cha Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, umoja wa vijiji vilivyoanzishwa na vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, ambavyo hatimaye vilifikia kumi na saba hivi. Mwingereza Ralph Ibbott aliishi nao kama mshauri. Wanakijiji walilima pamoja, wakagawana mavuno, wakaamua mambo yao katika mikutano. Walipotaka shule, hawakutaka ile iliyowachukua watoto wao na kuwarudisha wakiwa na dharau kwa jembe.

Shule ya Toroka ilipokea watoto kutoka vijiji mbalimbali vya umoja huo, wakakaa bwenini Litowa. Walilima, walifuga, walijenga, lakini si kama nguvukazi ya bure. Mwalimu mkuu na walimu wenzake walishika jembe pamoja nao. Mambo ya shule yalizungumzwa katika mikutano ambamo wanafunzi walikuwa na sauti. Masomo yalifungamana na maisha ya kijiji, kwa lengo la kuwaandaa wote kwa ajili ya kijiji badala ya kuwachuja wachache kwa ajili ya sekondari. Toroka mwenyewe aliandika juu ya kazi hiyo, na Mmarekani Kate Wenner, aliyefanya kazi Litowa, aliitolea kitabu kiitwacho Shamba Letu mwaka 1970.

Tofauti kati ya Malangali na Litowa haikuwa katika jembe, wala katika heshima kwa mila. Katika shule zote mbili wavulana walitoka jasho. Tofauti ilikuwa kwamba Litowa mkuu alijibu kwa watu waliomzunguka, na kijiji kilikuwa kimeamua kuwa na shule ya aina ile kabla ya mwalimu kuanza kuiendesha. Mfipa wa kale angeielewa Litowa upesi kuliko mkaguzi wa elimu, kwa sababu mkuu wa pale alifanana na mkuu wa kijiji aliyemjua.

Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na wengi waliona alama za Litowa ndani yake. Waraka huo uliirudisha shamba katika kila shule nchini, ila kwa sharti ambalo wakoloni hawakuliweka: wanafunzi washiriki kuamua juu ya shamba lao na waone faida yake. Katika utekelezaji, sharti hilo ndilo lililokuwa la kwanza kusahauliwa. Shamba lilirudi, lakini mara nyingi lilirudi kwa amri, na manung'uniko ya wazazi kwamba watoto wanalimishwa yalirudi nalo, Ufipa na kwingineko.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Mali yake ilichukuliwa na walimu wa Litowa wakahamishiwa sehemu nyingine. Chama kilichokuwa kikihubiri kujitegemea kiliona ugumu kuvumilia vijiji vilivyojitegemea kweli. Walimu wale nao waliondoka kwa barua.

Darasa la nane linakwisha

Wakati huo shule ya kati yenyewe ilikuwa ikitoweka. Tangu miaka ya kwanza ya uhuru serikali ilianza kuunganisha msingi na kati kuwa shule moja ya msingi, na katika miaka ya 1960 darasa la nane likaondolewa hatua kwa hatua, elimu ya msingi ikawa ya miaka saba. Kichujio cha darasa la nne, kilichowaliza watoto wengi, kikaondoka pia, na kwa hilo peke yake mabadiliko yale yalistahili kufanyika.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1970, na shule za madhehebu zilizokuwa zikipata ruzuku zikawekwa chini ya serikali. Seminari zilibaki mikononi mwa makanisa. Kwa sharika nyingi za Kilutheri, na kwa parokia za Ufipa, hiyo ilikuwa siku ya kukabidhi funguo za majengo ambayo waumini waliyafyatulia matofali kwa mikono yao. Mwalimu mkuu aliyekuwa akihudhuria mkutano wa wazee wa kanisa kama mmoja wao sasa alikuwa mtumishi wa serikali tu. Wapo waliofurahi, kwa kuwa mshahara na pensheni vilikuwa na uhakika zaidi na hawakulazimika tena kumpendeza mmisionari. Wapo waliohuzunika. Serikali ilikuwa na hoja yenye uzito: katika nchi yenye dini nyingi, haikuwa haki mtoto Mwislamu au mfuasi wa dini za jadi akose nafasi kwa sababu shule iliyo karibu ni ya kanisa. Kilichopotea ni kitu kidogo kisichoandikika katika sheria, yaani watu wa mahali kuwa na mtu wa kumwuliza.

Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, Sumbawanga ikiwa makao yake makuu. Novemba mwaka huo huo, mkutano wa TANU mjini Musoma uliamua kwamba watoto wote wa umri wa shule wawe shuleni ifikapo Novemba 1977. Madarasa yalifurika, maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu haraka haraka, na shule ambazo mwalimu mkuu wake alikuwa akiwajua wanafunzi wote kwa majina na kwa vijiji vyao zikawa na mikondo miwili na mitatu.

Majengo ya shule za kati za zamani yaligawanyika njia mbili. Mengi yakawa shule za msingi, mengine yakawa sekondari. Lugha nayo ikafuata mgawanyiko huo. Anayeongoza shule ya msingi nchini Tanzania ameendelea kuitwa mwalimu mkuu, jina lile lile la mtu wa darasa la nane. Anayeongoza sekondari huitwa mkuu wa shule, na neno mwalimu limeachwa.